Benchi la Watu Wawili

Babu yangu amekufa. Ndugu zangu wa Susuni wameniletea habari ili niende kuzika, nami nimewajibu kwamba sitakwenda. Jioni hiyohiyo nilipita stendi hapa mjini, nikasimama bila kujua nyuma ya lori lililobeba ngozi mbichi za ng'ombe, injini ikiunguruma. Ile harufu ya ngozi iliyochanganyika na dizeli ilinifikia. Nikakaa juu ya jiwe kama mtu aliyepigwa.

Siandiki ili nisamehe. Wapo wenzangu niliosoma nao chuo kikuu wanaosema kwamba mtu akilielewa jambo amekwisha kulisamehe. Mimi jambo hili nimeligeuza pande zote, nimewauliza waliokuwepo, nimewasikiliza wazee hadi mwisho. Nimelielewa vizuri sana. Bado sijalisamehe.

Nilikuwa katika umri wa kutumwa maji lakini si kuni. Uhuru ulikuwa bado, na sisi watoto hatukujua kwamba kuna kitu cha namna hiyo cha kungojewa. Baba alikuwa Mwanza, kibarua katika kiwanda cha kuchambulia pamba. Siku moja mwalimu wa misheni alikuja nyumbani kwa baiskeli, akashuka kabla ya kufika uani, nami nikaona mama anaweka chini mchi aliokuwa ameushika. Habari ilikuwa imefika posta ya Tarime kwa simu. Mashine ilikuwa imemkamata baba mkono. Hali si nzuri, njooni upesi.

Kutoka kwetu kwenda Mwanza ulipanda gari Tarime mpaka Kirumi, kwenye mto Mara. Hapo ulishuka na mzigo wako, ukavuka kwa pantoni, na ng'ambo ukalikuta gari jingine la kukupeleka bandarini Musoma. Kutoka Musoma meli iliondoka jioni, mara moja tu kwa juma. Ukikosa gari la kwanza umekosa pantoni, ukikosa pantoni umekosa gari la pili, ukikosa hilo umekosa meli, na hapo utakaa juma zima ukilitazama ziwa. Kila mwenye ndugu Mwanza aliijua njia hiyo.

Babu alisema atakwenda kumwona mwanawe. Mama naye alisema atakwenda kumwona mumewe, na mimi nitafuatana naye. Hapo ndipo shida ilipoanzia, na kwa wasiotujua lazima nieleze kidogo. Kwetu Wakurya, mwanamke na baba mkwe wake hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawakai benchi moja, hawapishani mlangoni. Tunaiita nsoni, nayo ni heshima na aibu kwa pamoja. Mama na babu waliishi katika ua mmoja miaka yote ile wakizungumza kupitia kwangu. "Mwambie babu yako uji uko tayari," mama angesema, na babu amekaa hatua nne kutoka pale, anasikia kila neno. Nami ningegeuka na kusema, "Babu, uji uko tayari." Babu angejibu, "Mwambie mama yako nimesikia." Niliona kazi hiyo ni ya kawaida kabisa. Nilidhani kila nyumba duniani ina mtoto wa kupitishia maneno.

Kwa sababu hiyo babu alilipia nauli ya mbele, karibu na dereva, na mama akalipiwa nauli ya nyuma. Ya mbele ilikuwa kubwa zaidi. Babu aliuza beberu. Walilipa siku moja kabla, kwa karani wa tiketi, kijana mmoja wa Nyarero ambaye watu walimwita Koleo kwa sababu ya kile chuma chake cha kutobolea tiketi. Nilikiogopa sana chuma kile. Niliamini tundu lile ndilo linalomfungulia mtu njia, kwamba ambaye tiketi yake haikutobolewa barabara yenyewe haitamtambua, atatembea na kutembea na kujikuta palepale. Niliamini pia kwamba Koleo anajua nani atapona na nani hatapona, maana ndiye aliyekuwa akiamua nani afike.

Asubuhi ya safari tulikuta mbele pamejaa. Kwenye nafasi ya babu alikaa mnunuzi mmoja wa pamba, kofia juu ya goti.

"Nimelipa mbele," babu alisema.

"Mbele pamejaa, mzee," alijibu Koleo. "Nyuma zimebaki siti mbili, benchi moja. Wewe na huyo mama. Mmetimia."

Watu waliokuwa ndani ya gari wakageuka kutazama. Babu akasogea karibu, akapunguza sauti. "Mura, kijana wangu, huyu ni mke wa mwanangu."

"Najua, mzee. Hata mimi ni Mkurya, utanifundisha?" Koleo hakupunguza sauti yake, aliinua, ili hata taniboi aliyekuwa juu ya keria akifunga mizigo asikie. "Lakini gari halina ukwe. Gari lina siti!"

Wakacheka. Taniboi alirudia kutoka juu, "Gari halina ukwe!" na wengine wakacheka tena, si wote, lakini wa kutosha. Niliwatazama midomo. Mpaka leo naweza kuwataja kwa meno yao.

"Mimi nitakaa katikati," nilisema.

"Wewe unapakatwa," Koleo aliniambia. "Anayepakatwa hana nauli. Asiye na nauli hana siti."

Mama mmoja Mjaluo, muuza samaki wakavu, aliyekaa benchi la pili kutoka mbele, akasimama na kikapu chake. "Mimi nitakaa na mzee. Huyu akae kwangu. Njoo, nyathina, njoo mwanangu."

"Kaa chini, mama. Siti yako ni ya mbele, tiketi ya huyu ni ya nyuma. Aongeze nauli kwanza."

"Wee kijana! Mtu yuko kufani huko wanakokwenda!"

"Na meli haimngoji aliye kufani. Tusicheleweshane."

Nilipokuwa mkubwa nilikaa siku moja nikafikiri, nikaona jambo lilivyokuwa jepesi. Nauli ya mbele ya babu ilikuwa bado mfukoni mwa Koleo. Babu amerudishwa nyuma, kilichozidi kingemtosha mama kukaa mbele, na hakuna ambaye angepoteza hata senti. Mtu mmoja tu kati ya wote waliokuwemo angesema hivyo, safari ingekwisha vizuri. Hawakusema. Babu naye hakusema, kwa kuwa mzee wa heshima habishani na kijana juu ya nauli mbele za watu. Na Koleo alijua. Hakuhitaji zile pesa. Alihitaji kuchekewa, na asubuhi ile alikuwa amepata watu wa kumchekea.

"Mwambie mama yako aje na gari la kesho," babu aliniambia.

"Mwambie babu yako kesho hakuna meli," mama alisema.

Nikageuka kumwambia. Babu alikuwa amekwisha kupanda. Alikwenda mpaka benchi la nyuma, akakaa dirishani, akaweka fimbo yake katikati ya magoti, na ile nafasi ya pili ikabaki tupu kando yake. Gari liliondoka na nafasi hiyo tupu.

Mama hakulia. Alifunga kitenge, akanishika mkono, tukatembea kuelekea nje ya mji. Kabla hatujapita mashamba ya Turwa lori la ngozi lilitukuta. Dereva alikuwa mtu wa Ikoma, alituuliza tunakwenda wapi, akasema kwa ndani hakuna nafasi ila tukiweza kuvumilia harufu tupande juu. Tulipanda juu ya zile ngozi. Zilikuwa na chumvi na nzi, ziliteleza, na kila lori liliporuka mama alinikandamiza chini kwa kiganja kama mtu anayezuia kifuniko cha chungu. Niliona raha, lazima niseme. Nilidhani tunashindana na gari la Koleo, na kwamba tutashinda.

Na tungeshinda. Magari ya abiria yalisimama kila kijiji, na pale Kirumi mizigo iliteremshwa gunia kwa gunia. Lakini mvua ilikuwa imenyesha siku ile, na katika kijito kimoja kabla ya mto lori letu lilizama mpaka ekseli. Dereva akatuambia, "Kimbieni, si mbali." Mama akapandisha kitenge na gauni mpaka juu ya mapaja, akavifunga kiunoni, akaingia matopeni. Tulikimbia. Kwenye mafunjo alinibeba, kwenye pakavu nilikimbia mwenyewe. Tulipotokea mtoni pantoni ilikuwa ndiyo kwanza inagusa ng'ambo na mizigo ya mwisho, na gari la Musoma liko pale, injini inanguruma, abiria wanapanda.

Babu alikuwa hajapanda. Alisimama kando ya mlango.

"Mwite babu yako," mama alisema.

"Babu! Babuuu!"

Sauti ilifika. Nilimwona ameinua kichwa. Alitutazama, mimi na mama, mama amesimama ukingoni na matope hadi kiunoni, miguu yote wazi, amenyosha mikono juu. Halafu babu akageuka. Alitupa mgongo. Kondakta wa ng'ambo alimwambia kitu akituonyesha kwa kidole, na maneno yake yalivuka maji: "Mzee, hao ni wako? Tuwangoje?" Babu hakujibu. Alisimama hivyohivyo, uso wake kwenye bati la gari, kama mtoto aliyeadhibiwa. Kondakta akangoja kidogo, akainua mabega, akampandisha. Gari likaondoka.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba babu alituchukia, na kwamba ule mgongo ndio uso wake wa kweli. Nilipokuwa shule ya sekondari baba yangu mdogo alinicheka aliposikia hivyo. "We Bhoke, umesoma nini huko? Mama yako alikuwa mapaja wazi! Ulitaka mzee amkodolee macho mke wa mwanawe? Aligeuka kwa heshima. Na angejibuje 'ndiyo, ni wangu' halafu ang'ang'anie kumtazama akivuka katika hali ile?"

Nikamwambia ndiyo, nilitaka amkodolee macho. Nilitaka amtazame mpaka achoke, na aseme neno moja, "Ngojeni." Baba mdogo akaniambia shule imeniharibu. Inawezekana. Lakini nauliza, na sijapata wa kunijibu: heshima ile ilikuwa ya nani? Mama hakuiomba. Kama ni ya kwake, mbona ndiye pekee aliyeilipia?

Tulivuka kesho yake na tukakaa Musoma tukingoja meli ya juma lililofuata. Mwanamke mmoja wa kanisani alitupa pembe ya jiko lake. Mchana tulikwenda kukaa bandarini, mama akitazama maji, mimi nikipanga. Nilipanga kumwaga mchanga katika injini. Nilipanga kumng'ata Koleo mkono ule wa chuma mpaka nisikie mfupa. Nilipanga kumwekea siafu kwenye suruali, kumchomea nyumba, kumwoza mwanamke mkali. Nilimweleza mama mipango yote, mmoja mmoja. Alisikiliza kwa makini kama anayechagua mboga sokoni, halafu akasema, "Kula."

Mwanza tulikuta tuta la udongo. Babu alikuwa hapo, anatungoja. Baba alikuwa ameishi siku chache baada ya babu kufika. Jirani zake wa kiwandani walituonyesha mahali, wakaondoka. Tulisimama watatu, mama upande wa miguuni, babu upande wa kichwani, mimi katikati, kama kawaida.

"Mwambie mama yako," babu alisema, na sauti yake ilikatika, akaanza upya. "Mwambie mama yako alimwulizia. Kila alipoamka alimwulizia."

Mama alikuwa hatua nne kutoka pale. Nilimgeukia, nikafungua mdomo. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nilijua maneno haya siyawezi kuyapitisha. Hayakutoka. Ndiyo mara ya kwanza nilipoacha ile kazi, na sikuifanya tena.

Tulirudi na meli moja, babu mwanzo wa sitaha, sisi mwisho wake. Katika gari la Musoma kulikuwa na nafasi za kutosha, wakakaa mbalimbali. Tulipovuka Kirumi na kupanda lile gari la Tarime, babu alitangulia, akaenda kukaa benchi la nyuma dirishani. Nafasi zilikuwepo. Niliziona mimi, mama aliziona. Kulikuwa na moja kando ya bibi mwenye kuku, na bibi yule akawavuta kuku wake kumpisha. Mama alimpita. Akaenda mpaka nyuma na kukaa kando ya babu, paja kwa paja, akanipakata.

Bibi wa kuku alipiga yowe. Mwanamume mmoja akaanza kugonga paa kwa fimbo, "Simamisha! Simamisha gari!" Dereva, ambaye alikuwa Mjita, aligeuza shingo. "Kuna nini huko? Kuna mtu anazaa?"

"Mkwe wake! Amekaa na mkwe wake!"

"Sasa mnataka nifanye nini, niwafungishe ndoa?" alisema dereva, akaongeza mwendo.

Babu alitaka kusimama. Njia ya kutokea ilikuwa magoti ya mama, na mama hakuyaondoa. Babu alijisukuma kwenye dirisha mpaka kofia yake ikapinda. Nilikuwa nimekaa karibu kiasi cha kuona jasho likimtoka nyuma ya sikio.

"Baba," mama alisema. Alisema naye moja kwa moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei. "Pale mtoni, uliniona?"

Nilifikiri hatajibu.

"Nilikuona," babu alisema.

"Ulinitambua?"

"Nilikutambua."

"Basi niangalie sasa."

Na babu akageuza kichwa akamwangalia. Sijui aliona nini. Mama hakupepesa macho. Walikaa hivyo, mzee yule na mjane wa mwanawe, gari likiruka katika mashimo yote ya barabara ile, mpaka machozi ya babu yakaingia kwenye ndevu zake, na mama bado hakuondoa macho. Nimejiuliza mara nyingi kama ilikuwa haki. Mzee naye alikuwa amezika mtoto. Najibu kwamba haki hiyo haikunihusu. Nilikuwa mapajani mwa mama, nikamsikia moyo wake mgongoni kwangu unakwenda taratibu, kwa mara ya kwanza tangu ule mchi ulipowekwa chini.

Wazee walikutana nyumbani kwetu. Walichinja mbuzi ili kuwatakasa wote wawili, kwa kuwapaka taka za tumbo lake, kama ilivyo desturi. Babu alipakwa. Mama alipoitwa alisimama mlangoni kwake, akasema mbele ya wanaume wote, "Mimi sijachafuka. Aliyetuuzia benchi lile yupo stendi, anakula vizuri. Mpakeni yeye."

Wakamkemea. Lakini maneno yalikwisha kutoka, na habari zilikuwa zimefika mbali kuliko gari. Siku ya soko watu wa Susuni hawakupanda lile gari. Siku iliyofuata watu wa Nyarero hawakupanda, kisha hata wale waliocheka siku ile wakasema hawawezi kukalia benchi lenye nsoni, watoto wao wataugua. Gari lilikwenda Kirumi na mfuko wa posta na wageni wawili. Mwenye gari, mfanyabiashara wa mjini, hakujua nsoni ni nini wala hakutaka kujua. Alimwambia Koleo alimalize jambo hilo au atafute kazi nyingine.

Basi Koleo alinunua mbuzi. Walimchinjia palepale stendi, mchana, watu wamejaa mpaka barazani mwa maduka. Wazee walilipaka benchi la nyuma, wakapaka ngazi, wakapaka usukani, dereva Mjita akilalamika kwamba harufu hiyo atakaa nayo yeye. Halafu wakamwita Koleo, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Wakampaka kifuani. Wakampaka mikono. Mzee mmoja akasema kosa lenyewe halikutoka mikononi, akachota kiganja kizima, kijani na moto, akampaka mdomoni polepole, kutoka shavu hili mpaka lile, na Koleo amefumba macho, hathubutu kutema.

Umati ulikuwa umenizuia, nilikuwa naona migongo tu. Mama aliniinua, akanikalisha mabegani mwake ili nione vizuri.